Nani Huilea Programu Ikishawashwa? Usajili wa Vijenzi Ndani ya Seva na Mifumo ya Afya ya Nyanda za Juu Kusini

Kila mwezi unapokwisha, katika zahanati za Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbarali, wauguzi hufungua vitabu vya MTUHA na kuanza kujumlisha. Kitabu Na. 5 kina wagonjwa wa nje, Na. 6 kina wajawazito, Na. 12 kina waliojifungua. Mfumo huo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya ulienea nchini Tanzania katika miaka ya 1990, na kufikia 2013 jumla zake zilikuwa zikiingizwa, kwa nchi nzima, katika mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2. Anayeingiza takwimu huandika tarakimu kwenye kisanduku na kuhamia kinachofuata. Kile cha kwanza hugeuka kijani, na hapo anajua namba imefika kwenye seva na imehifadhiwa.

Mhadhara huu unahusu yaliyotokea kabla ya rangi hiyo kubadilika. Katika nukta hiyo, ombi moja limepokelewa na seva, mtumiaji ametambuliwa, ruhusa yake ya kuandikia kituo hicho imekaguliwa, namba imepimwa kama ni namba kweli, muamala umefunguliwa kwenye hifadhidata, thamani imeandikwa, kumbukumbu ya nani aliandika nini imewekwa, na muamala umefungwa. Kazi hizo zinafanywa na vijenzi tofauti vya programu. Hakuna hata kimoja kilichoundwa wakati ule kwa ajili ya mtu yule. Vyote vilikuwepo tangu seva ilipowashwa, vimesajiliwa, vimeunganishwa, vinasubiri kazi.

Usajili huo ndio wanafunzi wengi wa kompyuta huuruka. Hujifunza kuandika anotesheni, yaani alama za @ juu ya klasi, kwa kuiga, programu inawaka, na wanasonga mbele. Siku isipowaka, au ikiwaka halafu ikachanganya takwimu za watu wawili, hawajui pa kuanzia. Kwa Mbeya na Iringa jambo hili si la nadharia. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Mkoa wenye mzigo kama huo unapanga dawa, vipimo na watumishi kwa takwimu, na takwimu zinapita ndani ya programu ambayo lazima awepo mtu wa karibu anayeielewa mpaka ndani.

DHIS2 inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Mizizi yake iko Afrika Kusini, ambako toleo la kwanza lilitengenezwa katika miaka ya 1990 juu ya Microsoft Access. Kazi ya toleo la pili, lililoandikwa kwa lugha ya Java na kukusudiwa kutumika kwenye wavuti, ilianza 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wa mtandao wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenya iliusambaza nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Hilo ni zawadi kubwa kwa chuo chochote, na ni haki kuitumia.

Mwaka 2004 una uzito wake katika habari hii. Wakati ule, kuandika programu kubwa ya Java ya seva kulikuwa adha. Kijenzi kimoja cha biashara kilidai faili kadhaa za maelezo, violesura vya lazima, na seva nzito ya kukiendesha hata kwa jaribio dogo. Mwaka 2002, Rod Johnson alichapisha kitabu kilichoeleza njia nyepesi zaidi, na msimbo uliofuatana na kitabu hicho ukakua kuwa Spring, kiunzi cha kuandikia programu za Java, iliyotolewa hadharani kwa mara ya kwanza 2003 na kufikia toleo la 1.0 Machi 2004. Mapema mwaka huohuo Martin Fowler aliandika makala iliyoipa mbinu ya Spring maelezo yanayosomwa hadi leo. Kwa hiyo walioanza DHIS2 walikuta chombo kipya mezani, wakakichukua. Hata OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka huohuo kwa ushirikiano na kliniki za Eldoret, Kenya, na kuanza kutumika huko 2006, ulijengwa juu ya Spring.

Kiini cha mbinu ni hiki. Programu ndogo ya darasani haihitaji msajili. Mwanafunzi anaandika neno new, kitu kinaundwa, anakitumia, basi. Programu yenye mamia ya klasi haiwezi kwenda hivyo. Huduma ya kuhifadhi takwimu inahitaji kijenzi cha hifadhidata, nacho kinahitaji mkondo wa miunganisho, nao unahitaji anwani na nywila ya PostgreSQL. Kila klasi ikijiundia vitu vyake yenyewe, nywila hiyo itazagaa kila mahali, miunganisho itafunguliwa mara elfu, na kubadilisha kitu kimoja kutadai kugusa faili mia. Kwa hiyo kazi ya kuunda inaondolewa kwenye klasi na kupewa msajili anayeitwa kontena. Klasi inasema inachohitaji, na kontena ndiyo inayotafuta, inayounda na inayokabidhi.

Mfano mdogo wa kufundishia, wenye majina ya Kiswahili, unaonekana hivi:

@Service
public class HudumaYaTakwimu {
    private final HifadhiYaTakwimu hifadhi;

    public HudumaYaTakwimu(HifadhiYaTakwimu hifadhi) {
        this.hifadhi = hifadhi;
    }
}

Neno new halimo. Anotesheni ya juu inaiambia kontena: klasi hii ni yako, isajili. Konstrakta inasema: siwezi kuwepo bila hifadhi. Seva inapowaka, kontena hupekua vifurushi ilivyoelekezwa, huandika orodha ya klasi zenye alama hiyo, halafu huanza kuziunda kwa mpangilio unaotokana na mahitaji yao. HifadhiYaTakwimu itaundwa kwanza kwa sababu HudumaYaTakwimu inaihitaji. Kama haikusajiliwa, seva itakataa kuwaka na kutaja kwa jina aina iliyokosekana na klasi iliyoidai. Wanafunzi huchukia ujumbe huo mrefu wenye maandishi mekundu. Wangeupenda, kwa kuwa kosa limejitokeza asubuhi wakati wa kuwasha, mbele ya fundi, badala ya kujificha hadi mtu wa Mafinga aingize takwimu za chanjo.

Zamani orodha hiyo iliandikwa kwa mkono. Katika matoleo ya awali ya DHIS2 kila sehemu ya programu ilikuwa na faili yake ya beans.xml, na ndani yake kila kijenzi kilikuwa na mstari wenye kitambulisho na klasi. Kitambulisho kilikuwa jina la kiolesura, kwa mfano org.hisp.dhis.datavalue.DataValueService, na klasi ilikuwa ile inayofanya kazi yenyewe, DefaultDataValueService. Matoleo ya baadaye yalihamishia usajili huo kwenye anotesheni ndani ya klasi zenyewe. Kila njia ina faida yake. Faili moja humpa mgeni picha nzima kwa mtazamo mmoja, ila hukua hadi maelfu ya mistari na husahauliwa klasi inapobadilishwa jina. Anotesheni hukaa na kitu chake, ila anayetaka picha nzima lazima apekue. Kwa anayejifunza, faili za zamani ni mwalimu bora zaidi, nazo bado zimo katika historia ya msimbo.

Utengano wa kitambulisho na klasi unaeleweka vizuri kwa anayejua jinsi mfumo huohuo unavyoshughulika na vituo vya afya. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ukamegwa kutoka Mbeya 2016. Hospitali iliyopo Mbozi haikuhama hata hatua moja, lakini mkoa wake ulibadilika. Katika DHIS2 kila kituo kina kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 11 ambacho hakitokani na mkoa, wilaya wala jina. Kituo kinaweza kuhamishiwa chini ya mkoa mpya, na takwimu zake za miaka yote zikabaki zimeshikamana nacho. Vijenzi navyo viko hivyo. Anayeihitaji DataValueService anaiita kwa kiolesura chake. Nyuma yake klasi inaweza kubadilishwa yote, ikaja inayofanya kazi haraka zaidi au ile bandia inayotumika kwenye majaribio, na aliyeita asigundue.

Lililo zito zaidi ni uhai wa kijenzi kikishasajiliwa. Katika Spring, usipoagiza vingine, kila kijenzi huundwa kimoja tu kwa kontena nzima. Watumiaji wote, wa Tukuyu na wa Mafinga, wa saa mbili asubuhi na wa saa tisa alasiri, huhudumiwa na kitu kilekile kimoja kwa wakati mmoja. Hiyo ni nafuu kubwa ya kumbukumbu ya mashine. Ni hatari pia kwa asiyeijua.

Chukua mfano wa kubuni. Mwanafunzi anaandika huduma ya kupokea ripoti za mwezi. Ili asirudierudie kupitisha jina la kituo kutoka kazi moja hadi nyingine, analiweka ndani ya klasi kama sehemu yake: private String kituo. Ombi linapoingia, kazi ya kwanza inajaza kituo. Kazi ya pili inasoma kituo na kuandika takwimu. Kwenye kompyuta yake ya mkononi kila kitu kinakwenda sawa, kwa kuwa mtumiaji ni yeye peke yake. Programu inawekwa kwenye seva. Siku za mwanzo za mwezi, watumiaji wawili wanabonyeza kwa wakati mmoja. Ombi la Tukuyu linaandika Tukuyu kwenye kituo. Kabla halijafika kazi ya pili, ombi la Mafinga linapita na kuandika Mafinga mahali palepale. Ombi la Tukuyu linaendelea, linasoma Mafinga, na wagonjwa wa malaria wa Rungwe wanaingia kwenye hesabu ya Mufindi. Hakuna ujumbe wa kosa, seva haianguki, na kwenye skrini zote mbili kila kitu kinaonekana salama.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba haliji kwa kuitwa. Ukilijaribu tena peke yako halitokei. Mwalimu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi kwa kuiendesha mara moja ataipa alama zote. Ndiyo maana kanuni inafaa kufundishwa kabla ya anotesheni yoyote: kijenzi cha pamoja kisibebe habari za mtu mmoja. Habari za ombi zipitishwe kama hoja kutoka kazi hadi kazi, au zikae kwenye kijenzi kilichosajiliwa kwa uhai wa ombi. Uhai wa aina hiyo upo hata nje ya Spring. Tangu 2004, JavaServer Faces, teknolojia ya Java ya kuunda kurasa za wavuti, iliruhusu kusajili kijenzi katika faili ya faces-config.xml na kutaja kama kinaishi kwa ombi, kwa kikao cha mtumiaji au kwa programu nzima. CDI, njia ya kusajili vijenzi iliyoingia rasmi na Java EE 6 (viwango vya Java ya seva) mwaka 2009, ilifanya mambo hayo kwa anotesheni, kiasi kwamba usajili ule wa kale wa Faces ulikuja kuondolewa kabisa katika Faces 4.0 ya 2022. Anayefuata vitabu vya zamani na kuandika @ManagedBean leo ataambulia klasi ambayo seva haiijui.

Kontena haiishii kuunda. Ikishasajili kijenzi, huweza kukiwekea mwakilishi mbele. Anayeita huduma huwa anamwita mwakilishi huyo bila kujua, naye ndiye anayefungua muamala kabla ya kazi na kuufunga baada yake, au kuurudisha nyuma kosa likitokea. Anotesheni ya @Transactional inafanya kazi kwa njia hiyo. Yafuatayo basi yanajieleza yenyewe, ingawa huwatesa watu kwa siku nzima. Kwanza, ukiunda huduma kwa new, hakuna mwakilishi, kwa hiyo hakuna muamala, hata kama anotesheni imeandikwa waziwazi juu ya kazi. Pili, kazi moja ndani ya klasi ikiita nyingine ya klasi hiyohiyo, wito huo haupiti kwa mwakilishi, na anotesheni ya kazi ya pili haina athari. Msimbo unasomeka vizuri kabisa na haufanyi unachosema.

Vilevile kontena ndiyo inayozima. Kazi yenye @PostConstruct huitwa mara kijenzi kinapokuwa tayari, na yenye @PreDestroy huitwa seva inapozimwa kwa utaratibu, ili miunganisho ifungwe na kazi zilizobaki zimalizike. Tanzania, ambako umeme hukatika bila taarifa, haifai kuitegemea hiyo ya pili kwa jambo lolote la lazima. Mashine ikizimika ghafla, hakuna anayeiita. Kinachookoa takwimu wakati huo ni muamala: PostgreSQL ikiwaka tena husoma daftari lake la maandishi ya awali, hurejesha kila muamala uliothibitishwa na kutupa uliokatikia njiani. Anayeandika huduma za hospitali aweke uhai wa takwimu kwenye muamala, na @PreDestroy aiachie usafi.

OpenMRS inaonyesha usajili ukifika mbali zaidi. Mfumo huo umejengwa ili watu wengine wauongezee moduli bila kugusa kiini chake. Moduli huja kama faili moja yenye kiambishi .omod. Ndani yake mna moduleApplicationContext.xml, na humo mwandishi hutaja huduma yake na kuikabidhi kwa kijenzi kinachoitwa serviceContext, kwa kutaja kiolesura na klasi inayokitekeleza. Moduli ikipakiwa, kontena hujisoma upya, na huduma ile ya kigeni huonekana kama iliyozaliwa humo. Kliniki ya Eldoret na ya nchi nyingine huweza kuwa na kiini kilekile na moduli tofauti. Huu ndio mpango unaofaa kuigwa na wanaoandika mifumo ya hospitali zetu: kiini kidogo, usajili ulio wazi, na nyongeza zinazoingia kwa mlango unaojulikana.

Kuna usajili wa aina nyingine usiohusu kuunda, bali kuangalia. Java ina MBeanServer, sehemu ya teknolojia ya JMX, iliyoingia ndani ya Java yenyewe tangu toleo la 5 la 2004. Kijenzi kikisajiliwa humo kwa jina, fundi huweza kusoma hali yake programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Tomcat, seva inayobeba mifumo mingi ya Java, hujisajilia vijenzi vyake humo bila kuombwa, chini ya jina Catalina. Fundi akifungua JConsole, inayokuja pamoja na JDK, ataona kundi la nyuzi zinazopokea maombi: kikomo chake cha kawaida ni 200, na kando yake kuna namba ya zilizo kazini sasa hivi. Mfumo ukilalamikiwa kuwa mzito mwanzoni mwa mwezi, namba hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikiwa 200 kwa 200, maombi yanapanga foleni, na mara nyingi sababu ni miunganisho ya hifadhidata iliyoshikwa na msimbo usioirudisha. Ikiwa 6 kwa 200, huenda tatizo liko nje ya seva, kwa mfano kwenye mtandao. Tahadhari ni moja: mlango wa JMX usiachwe wazi kwenye intaneti bila nywila na usimbaji, kwa kuwa anayeingia humo anaweza kuendesha msimbo wake kwenye mashine.

Miaka ya karibuni imeleta mtego mpya. Mwaka 2017 Oracle iliamua kuikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, ikaitwa Jakarta EE, na 2020 majina ya vifurushi yakabadilika kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 inajua majina ya zamani, Tomcat 10 inajua mapya. Programu ya zamani ikiwekwa kwenye folda ya kawaida ya Tomcat 10, klasi zake zenye anotesheni za javax hazisajiliwi, kwa kuwa seva inatafuta alama nyingine. Kurasa hurudisha 404, na fundi hutafuta kosa kwenye anwani wakati kosa liko kwenye jina la kifurushi. Spring 6, iliyotoka Novemba 2022, inadai majina mapya na Java 17 kwenda juu. Anayepanga kuhamisha mfumo wa hospitali aangalie hayo kabla hajapakua chochote.

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, na Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Wanafunzi wao wana hospitali za rufaa karibu na msimbo wa DHIS2 bure. Zoezi la wiki moja linatosha kuwatoa kwenye kuiga. Wapakue msimbo, wauwashe juu ya PostgreSQL ya mashine yao wenyewe, yenye takwimu za kubuni, kamwe si za wagonjwa. Wafuate ombi moja la kuhifadhi thamani, kutoka kidhibiti kinacholipokea, kupitia kijenzi cha huduma, hadi kijenzi kinachoandika kwenye hifadhidata, wakiandika kila kijenzi kimesajiliwa wapi na kinaishi kwa muda gani. Waondoe anotesheni moja, wawashe, wasome ujumbe wa kukataa neno kwa neno. Wairudishe, halafu wasajili klasi ya pili inayotekeleza kiolesura kilekile, ili waone kontena ikigoma kuchagua kati ya mbili, na wajifunze kutumia @Primary au @Qualifier. Mwisho waandike programu ndogo inayotuma maombi 50 kwa wakati mmoja kwa huduma yenye kosa la private String kituo, wahesabu ni mangapi yameandikwa chini ya kituo kisicho chake, kisha warekebishe na kuhesabu tena.